Saa ya niksi na Bibi aliyekataa saa kumi na tisa

Aliyeniambia kwamba saa ya niksi, ile ya taa za kioo zenye tarakimu zinazowaka ndani, haiwezi kusoma saa zetu mpaka uandike programu upya amenipotezea wiki tatu. Nimemsamehe, ila sijasahau.

Vifaa niliagiza nje, laki mbili na ushee, vikafika Mtwara kwa basi. Taa nne za IN-12, za enzi za Usovieti: kila kioo kina tarakimu kumi za chuma chembamba, zimepangwa moja nyuma ya nyingine ndani ya gesi ya neoni. Kulehemu sielezi, anayejua anajua. Ila fundi redio mmoja alinihakikishia, "Adapta ya volti 12 hiyo, shika popote." Adapta ni ya 12 kweli, lakini kwenye bodi kuna sehemu inayoupandisha umeme hadi kama volti 170, maana chini ya hapo neoni hainuni wala haicheki. Nikashika popote. Bisibisi niliiokota chini ya kabati. Siku hizi mkono mmoja unakaa mfukoni.

Ikawaka, rangi ya kaa la moto. Vile vitaa vya buluu vya chini ya vioo nilivikata, vilifanya saa ifanane na baa. Kasha nikachongewa la mpingo na jamaa wa vinyago. Ncha mbili za drili zilikatikia humo.

Nikaipeleka Mikindani kwa Bibi, kwa mbwembwe. Jioni ikasoma 19:00.

"Saa kumi na tisa ndiyo saa gani, mjukuu wangu?"

Nikarudi nayo kimya. Nikaazima kifaa cha kuingizia programu, nikaifuta chipu inayoiendesha saa, programu yangu ikagoma kuingia. Saa ikawa pambo la mpingo. Nikaagiza chipu nyingine, hela tena. Ilipofika, niko na vitufe viwili naseti saa, ndipo nikajicheka peke yangu: mwenye kuiambia saa ngapi ni mimi! Yenyewe haijui jua limechomoza lini, inahesabu tu kutoka pale ulipoianzishia.

Nikairudisha nyuma saa sita, nikaiweka kwenye mfumo wa saa 12. Safi, isipokuwa tarehe ilibadilika saa kumi na mbili asubuhi. Bibi akaguna: "Alhamisi ikiingia magharibi si Ijumaa hiyo?" Basi nikaisogeza mbele saa sita badala ya nyuma. Saa moja usiku nikaiandikia 01:00, tarehe ya kesho. Sasa tarehe inageuka saa kumi na mbili jioni, na umeme ukikatika, saa inaendelea kuhesabu kwa kibetri cha CR2032.

Bibi aliitazama muda mrefu.

"Sasa inasema kweli. Lakini hiyo tano yako ni mbili iliyopinduliwa."

Nikasogea kuangalia. Miezi yote ile nimezishika mkononi, sijaona. Warusi waliigeuza mbili kichwa chini, wakapata tano.