Siku moja gerejini: gari linalotupa mkia kona za kulia tu

Saa 1:00 asubuhi nilipofungua gereji yetu hapa Chumbageni, Tanga, nilimkuta mteja wangu ameshaketi juu ya tairi kuukuu, kando ya Subaru Impreza anayoikimbiza na wenzake siku za mapumziko. "Shikamoo, fundi. Gari linatupa mkia, nyuma inateleza nje kwenye kona; nimeshaagiza shokapu ngumu," alisema kwa pumzi moja. "Marahaba, mdogo wangu. Linatupa mkia kona zipi?" Alifikiri kidogo, akajibu kuwa ni za kulia.

Jibu hilo lilitosha kuniondolea hamu ya kugusa shokapu, kwa kuwa ugumu usiofaa wa shokapu au springi ungejionyesha pande zote mbili, ilhali kona ya kulia huulemeza uzito wa gari juu ya magurudumu ya kushoto; kasoro niliishuku upande huo.

Saa 2:30 tulikuwa kwenye uwanja wa lami tulioruhusiwa kuutumia. Tulisawazisha upepo wa tairi za nyuma, kisha tukapanga ndoo za rangi zilizojaa mchanga kwenye mduara wenye nusukipenyo cha mita 20. Nikizunguka kushoto kwa kilomita 40 kwa saa, gari lilitulia hata nilipoachia mafuta ghafla. Nikizunguka kulia, nilipoinua mguu tu nyuma ilichomoka, ikanilazimu niurudishe usukani kushoto upesi.

Saa 4:00, gerejini, nilipitisha kiganja juu ya tairi la nyuma kushoto: kwenda kilipita laini, kurudi kilikwaruzwa kama na meno ya msumeno, dalili ya gurudumu lisiloelekea sawasawa. Tulivuta mshipi wa kuvulia ubavuni mwa gari na kupima kwa rula, na vipimo vikawa sawa kabisa kwa kuwa gari lilikuwa limesimama, jambo linalowapa wengi karatasi safi ya alaimenti (upimaji wa mwelekeo wa magurudumu) na gari lilelile bovu. Tukaliinua gurudumu, nikausukuma ukingo wake wa nyuma kwa mtaimbo. Uliingia ndani milimita 4. Bushi (kiungo cha chuma chenye raba) ya mkono wa pembeni, yaani fito inayolishikilia gurudumu kutoka ubavuni, ule ulio nyuma ya ekseli, raba yake ilikuwa imepasuka, hivyo kila mara gurudumu hilo lilipolemewa lilielekea nje na kuivuta nyuma ya gari pamoja nalo.

Kuanzia saa 5:00 hadi saa 8:00 tulipigana na boliti moja. Hewa ya bahari ya Tanga huigandisha boliti ndani ya bushi, na hii haikukubali hadi ilipopashwa moto na kukatwa.

Bushi mpya iliingia bila shida, lakini nati yake sikuikaza hadi gari liliposhushwa na kukanyaga chini, kwani ikikazwa gurudumu likining'inia raba hubaki imejisokota na hupasuka mapema.

Saa 10:30 tulirudi kwenye ndoo zetu. Kulia na kushoto, pua ndiyo iliyoanza kuteleza, taratibu, si mkia tena. "Na zile shokapu, fundi?" Nilimwambia azirudishe dukani kabla boksi halijafunguliwa.