Jiwe la Mazeras likilowa, usilikwee

Mtu wa Mombasa akipata hamu ya kukwea miamba, kwanza hutazama baharini. Hapo anakosea. Kisiwa chote, pamoja na Nyali na Bamburi, kimekaa juu ya matumbawe ya kale, nayo ni chokaa: makali yanachana vidole, na chini yameliwa na mawimbi hadi kipande kizima kinaning'inia hewani. Kwa wenye mazoea ya kupigilia vyuma, chumvi nayo hula hata chuma kisichoshika kutu.

Jiwe la mchanga liko nyuma ya mji. Fuata barabara ya Nairobi: Mazeras ni kilomita 20 hivi, Mariakani kama 35. Tabaka zenyewe, kutoka la chini kabisa, huitwa Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Fundi wa kutandaza mawe huenda akaliita kila bamba "mazeras", lakini mkweaji lazima atofautishe. Jiwe la Mariakani lina chembe ndogo na hupasuka mabamba mabamba. Ndiyo raha ya mchimbaji, na ndiyo hatari yako, maana kingo unayoivuta ni bamba lingine linalosubiri kung'oka. La Mazeras lina chembe kubwa, limeshikana kwa unene, na soli ya kiatu hulishika vizuri. Vilima vya Shimba vina jiwe la jamii hiyo hiyo, ila ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo maporomoko ya Sheldrick ni ya kutazama tu.

Majabali ya Cha Simba huko Kilifi watu huyachanganya na haya. Yale ni chokaa, na kwenye nyufa zake huota maua adimu ya Saintpaulia. Yaacheni.

Sasa maji. Chembe za mchanga zimegandishwa na gundi ya asili: silika, chuma, chokaa au udongo wa mfinyanzi. Udongo ukinywa maji hulainika, na baadhi ya mawe ya namna hii hupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake. Ubaya ni kwamba uso hukauka baada ya kupigwa na jua kwa muda wa saa mbili huku ndani bado kumelowa. Kwa hiyo usipapase jiwe. Chimba chini yake. Fukua udongo wa kitako cha mwamba kina cha kidole: ukishikana mkononi, rudi nyumbani. Baada ya mvua ya kawaida subiri siku mbili au tatu kamili, na pembe zenye kivuli na kuvu zaidi ya hapo. Mei, kilele cha masika, ni mwezi wa kufanyia mazoezi ya vidole nyumbani. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, ndio wakati wake, nawe uwe umemaliza kabla ya saa nne asubuhi. Baadaye jasho la kiganja linakushinda, na poda ya kukaushia viganja ikichanganyika na unyevu inageuka uji.

Kabla ya kuamini kishikio, kigonge kwa kiganja. Sauti ya debe tupu ni bamba lililoachana. Mistari myekundu ya chuma huonekana migumu kama sahani, kumbe mara nyingi ni ganda jembamba juu ya mchanga laini: ikanyage karibu na pale inapoungana na mwamba, usiivute kwa nje. Safisha kwa mswaki wa kawaida. Brashi ya waya huondoa ganda gumu, na likishaondoka halirudi.

Kamba ndiyo inayoharibu zaidi. Ikipita ukingoni huku mtu akishushwa, hukata mfereji kwenye jiwe kama msumeno. Funga nanga mbili (sehemu za kushikiza kamba) zisizotegemeana, kwenye miti hai yenye mizizi, unene wa paja au zaidi, kwa kamba isiyovutika ya milimita 10 au 11. Iache iteremke hadi karabina mbili za kufunga (pete za chuma zenye mlango), midomo ikitazamana kinyume, zining'inie chini ya ukingo. Pembe ya nanga isizidi digrii 60. Pale inapogusa jiwe weka kipande cha zulia kuukuu. Ndivyo wanavyofanya kwenye miamba laini ya kusini mwa Uingereza. Karibu na Dresden, Ujerumani, wao wamekataza hata poda na vyuma vya kuchomeka kwenye nyufa, wanatumia kamba zenye mafundo. Boliti za kutanuka msizitie humu: jiwe laini linasagika zikikazwa. Kama ni lazima, ni za gundi na ndefu.

Kwa mawe mafupi bila kamba, godoro moja halitoshi kwenye mteremko. Weka mawili yakiungana bila pengo, na mtu wa kukuelekeza mgongo uangukie juu yake. Futa soli kwenye kitambaa kabla ya kila jaribio, kwani punje za mchanga chini ya kiatu ni msasa.

Ombeni ruhusa kwa mwenye shamba. Msitu mnene juu ya kilima upande wa Rabai yaweza kuwa kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda. Humo hamkwei, hata jiwe liwe zuri namna gani. Na kabla ya kutia mkono kwenye ufa, piga chini kwa fimbo: nyoka aitwaye futa hupenda kivuli, na nyuki wakisikika, badilisheni mwamba.