Kutu nyekundu, kutu nyeusi: nilivyoisafisha Winchester ya zamani

Bunduki ilikuwa imeegemezwa nyuma ya fimbo za kuvulia samaki, kwenye duka la rehani katika mji mdogo wa Pennsylvania ninakofanyia kazi. Mimi nilikuwa nimefuata drili. Nikauona ule wenzo chini ya kitriga, ule unaousukuma chini na kuurudisha juu ili risasi nyingine ipande, nikajua ni Winchester 94, bunduki ya kuwindia ya Kimarekani. Nyekundu kama bati la banda la kuku. Dola 380.

Mwenye duka akaniruhusu niikague. Nikafungua wenzo, nikachungulia chemba, tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kupigwa, nikaingiza na kidole, maana macho peke yake hayatoshi, kisha nikahakikisha hata bomba la magazini, linalobeba risasi chini ya mtutu, ni tupu. Baada ya hapo nikaweka kipande cha karatasi nyeupe nyuma pale kwenye chemba, taa ikakimulika, nami nikatazama kutokea mdomoni mwa mtutu. Uchafu ulikuwa wa kutosha, lakini mifereji inayoizungusha risasi bado ilikuwa na kingo kali. Kwangu hapo ndipo nilipoamua kuinunua. Kutu ya nje unaweza kubishana nayo. Mtutu uliolika ndani huna la kuufanya.

Namba yake, iliyogongwa chini ya bodi, ile sehemu ya katikati yenye mitambo, ilianzia milioni 1 na laki 7. Winchester walikuwa na mtindo wa kuwapa marais wa Marekani bunduki za namba kamili: ya 1,000,000 alipewa Coolidge mwaka 1927, ya 1,500,000 Truman mwaka 1948, ya 2,000,000 Eisenhower mwaka 1953. Kwa hiyo yangu imeangukia kati ya Truman na Eisenhower, ikatoka New Haven, Connecticut, kabla ya 1964, mwaka ambao kiwanda kilianza kubana gharama na wapenzi wa bunduki hizi hawajakisamehe mpaka leo.

Nikajaza fomu ya serikali, nikaweka kadi ya kijani ya ukaazi mezani, mwenye duka akauliza kwa polisi wa jimbo kama naruhusiwa kuinunua, na jibu likarudi kabla sijamaliza soda yangu. Jioni mama akapiga simu kutoka Tanga. "Bunduki ya nini tena mwanangu, huko kuna simba?" Nikamwambia ni ya kuwindia kulungu. "Haya. Lakini watoto wasiione." Kabati la chuma lenye kufuli nilikuwa nimeshalinunua kabla ya bunduki yenyewe.

Kuifungua kulinichukua Jumamosi nzima. Skrubu za bunduki za zamani zina mkato mwembamba, na bisibisi ya kawaida, ambayo ncha yake ina umbo la kabari, huteleza na kuuchana. Nikanunua seti ya bisibisi za mafundi bunduki na sijutii. Ninachojutia ni kutosikiliza nilipoambiwa nifunike mdomo wa bomba la magazini kwa kidole gumba wakati natoa kizibo chake. Ndani mna springi ndefu kuliko unavyodhani. Ilichomoka, ikapiga dari la gereji, na kizibo nikakipata siku ya pili ndani ya buti la mvua.

Kutu mbaya zaidi ilikuwa imejificha chini ya mbao ya mbele, mahali unyevu unapoingia na usipate pa kutokea. Nilipaka mafuta mepesi ya kupenya, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikaanza kusugua na sufi ya chuma namba 0000, ile laini kabisa. Penye magamba magumu nilikwangua kwa senti ya Marekani ya mwaka 1974. Senti za kabla ya 1982 ni shaba karibu tupu, na shaba ni laini kuliko chuma, kwa hiyo huchimbua kutu bila kuuchora mtutu. Kingo ya senti ilikuwa inajaa uji mwekundu, nafuta, naendelea. Mtutu kwa ndani nilipitisha brashi ya shaba nyeusi kutokea mdomoni, kwa sababu aina hii haikupi njia rahisi ya kupitisha ufito kutokea nyuma. Nikavisha ufito kijibomba cha plastiki ili usiukwaruze mdomo. Mdomo ukiharibika, risasi hailengi tena.

Kisha nikajitia ujanja. Skrubu mbili za bendi, vile vishikizo vya chuma vinavyouzunguka mtutu, nikaziloweka kwenye siki usiku kucha. Asubuhi kutu hakuna, na rangi pia hakuna! Chuma cheupe kama kijiko. Nilipokuwa nazishangaa, hewa ikaanza kuzirudishia wekundu mbele ya macho yangu.

Mzee mmoja wa kazini, aliyekulia na bunduki hizi, alicheka sana. Akanieleza kwamba ile rangi nyeusi yenye ubuluu nayo ni kutu, ila ni kutu ya aina nyingine, inayokaa kimya na kushika mafuta. Siki haizibagui, inakula zote mbili. Ila nyekundu ukiichemsha hugeuka nyeusi. Nikazifunga skrubu kwa uzi, nikazitumbukiza kwenye sufuria ya maji ya mvua yanayochemka, dakika kumi. Zikaingia za rangi ya machungwa, zikatoka nyeusi kama masizi. Unasugua taratibu kwa sufi ya chuma iliyooshwa mafuta yake, unaziacha zipate kutu tena, unachemsha tena. Nilirudia mara tano.

Nilishawishika kuuchemsha mtutu mzima upate weusi mpya. Nikaacha. Madoa ya kahawia yaliyobaki hayali tena chuma, na bunduki ya miaka sabini iliyong'arishwa kama ya dukani mimi huiona kama mzee aliyepaka piko. Kitako nilikipaka mafuta ya kitani tu, matone machache, nikasugua kwa kiganja.

Fundi bunduki akaipima chemba kabla sijaipiga hata risasi moja. Kwa yadi 50, risasi tatu za .30-30, aina inayotumiwa na bunduki hii, zilikaa ndani ya duara la kisahani cha chai.

Siku niliyompelekea yule mzee aione, hakuigusa kwanza. Aliinama, akanyoosha kidole kwenye bendi. "Hizi mbili ndizo zako," akasema. Kweli, zimekuwa nyeusi kuliko bunduki nzima.