Kuhamisha programu ya duka kutoka Intel hadi ARM

Ukinakili programu ya mauzo kutoka kompyuta ya kaunta yenye prosesa ya Intel hadi Raspberry Pi 5, kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM, uliyoinunua Luthuli Avenue jijini Nairobi, Linux itakujibu "Exec format error". Faili haijaharibika. Maagizo yaliyomo ni ya x86-64, yaani ya prosesa aina ya Intel, na prosesa ya Pi inaelewa ya ARM tu. Thibitisha kwa `uname -m`, itakayosema aarch64, kisha `file` na jina la programu, itakayotaja x86-64.

Mwenye msimbo chanzo, yaani programu kama fundi alivyoiandika, anakompaili upya: anaugeuza kuwa maagizo ya ARM. Aliyepewa faili ya programu pekee na fundi asiyepatikana tena amekwama, ndiyo maana nasisitiza: siku ya kumlipa fundi, dai msimbo, Makefile (faili ya maelekezo ya kukompaili) na orodha ya maktaba pamoja na matoleo yake.

Programu ndogo ikompaili kwenye Pi yenyewe. Kwa kubwa, sakinisha `gcc-aarch64-linux-gnu` kwenye Debian ya Intel, kisha uendeshe `make CC=aarch64-linux-gnu-gcc`. Ondoa kwanza `-msse4.2` na wenzake kwenye Makefile, kwani huita maagizo ya Intel ambayo ARM haiyajui.

Kukompaili kukipita bila kosa, usishangilie bado. Kwenye Linux ya x86, `char`, aina ya data ya herufi katika lugha ya C, huanzia -128 hadi 127. Kwenye ARM ni 0 hadi 255. Sasa tazama mstari huu, uliojaa katika programu za zamani:

`char c; while ((c = getc(f)) != EOF)`

EOF, alama ya mwisho wa faili, ni -1. Kwenye ARM `c` inapata 255, hailingani na -1 kamwe, na programu inazunguka bila kikomo faili ikishaisha. Dawa ni `int c`. `-fsigned-char` itakuvusha kwa muda, lakini kompaili pia bila hiyo, ukiweka `-Wextra`, ili uonyeshwe mahali penye kasoro kama hiyo.

Gumu zaidi kunasa ni nyuzi (threads) mbili, yaani sehemu za programu zinazoendeshwa kwa wakati mmoja, zinazopeana data. Uzi mmoja unaandika mauzo, kisha unaweka `tayari = 1`. Intel huhifadhi mpangilio huo wa kuandika. ARM haiahidi, hivyo uzi wa pili unaweza kuona `tayari` kabla ya mauzo na kuchapa risiti yenye bei ya zamani. `volatile` haisaidii. Tumia `stdatomic.h` ya C11: `memory_order_release` upande wa kuandika, `memory_order_acquire` upande wa kusoma.

Mwisho, kerneli (kiini cha Linux) ya kawaida ya Pi 5 hugawa kumbukumbu katika kurasa za KB 16, si KB 4 kama ile ya Intel. Palipoandikwa 4096 (baiti za KB 4) kwa ajili ya `mmap`, wito wa kuweka faili kwenye kumbukumbu, weka `sysconf(_SC_PAGESIZE)`. Kama kuna maktaba usiyo na msimbo wake inayogoma, ongeza `kernel=kernel8.img` kwenye config.txt, faili ya mipangilio ya Pi, urudi kwenye KB 4.