Farasi mia nne wa shemeji

Bado linaniuma. Nimegeuka kitandani weee mpaka nimechoka, acha niandike.

Ile Subaru ya shemeji mnaikumbuka, STI ya 2015, aliyoisumbulia mkopo mwaka mzima. Ijumaa jioni nilimsindikiza Ennis, kusini ya Dallas, kwenye uwanja wa Texas Motorplex, akaikimbize robo maili. Jumapili nyumbani palijaa watu waliokuja kumpongeza mke wangu kwa kufaulu mtihani wa uuguzi. Kabla pilau haijaisha, shemeji akawa anawaeleza wageni kwamba gari lake sasa lina nguvu za farasi 400.

Karatasi aliyopewa Ennis, yenye muda na mwendo wa gari, nilikuwa nayo mfukoni, alinipa mwenyewe nimshikie. Nikamwambia taratibu, "Shemeji, kwa hesabu ya karatasi hii ni kama 325 hivi."

Akasema, "Aa, pale nilichelewa kuondoka taa ilipowaka."

Nikamjibu kuwa saa haianzi taa ikiwaka. Inaanza gurudumu la mbele likitoka kwenye mwanga wa kupimia. Unaweza kukaa mbele ya mti wa taa, ile nguzo ya taa za kuanzia, mpaka uamue mwenyewe, muda wa gari haupungui wala hauongezeki.

"Basi niliondoka vibaya. Injini ilikaba."

"Ndiyo maana siangalii sekunde, shemeji. Naangalia mwendo wa kule mwisho."

Hapo akaweka sahani chini, akageukia wageni, akasema: "Shemeji yangu huyu, hesabu ni za watu wasio na gari la kukimbia." Watu wakaangua kicheko. Mpaka mzee wetu wa kanisa, ambaye huwa hacheki. Mke wangu akainuka kwenda kuongeza chai.

Hesabu ni za watu wasio na gari la kukimbia. Jumatatu kazini wametangaza watapunguza watu kabla ya Krismasi, mimi niko pale kwenye mizani ya malori ya vyuma chakavu, nasoma uzito wa lori la watu huku namjibu shemeji kichwani. Jumanne hivyo hivyo. Kila nikifika kwenye "wasio na gari" napata jibu jipya, na kila jibu limechelewa.

Basi nijibu hapa, kwa utulivu.

Mizani yangu ndiyo iliyopima lile gari. Aliponipitia kazini Ijumaa nilimpitisha juu yake, yeye ndani, tangi karibu lijae: paundi 3,600. Karatasi ya Ennis inaonyesha maili 105 kwa saa mwisho wa robo maili. Mwendo huo si wa kubahatisha, ni wastani wa futi 66 za mwisho, kama mita 20, zinazopimwa kwa mianga miwili. Sasa gawanya 105 kwa 234, jibu lizidishe hivi: jibu mara jibu mara jibu, kisha zidisha kwa uzito. Unapata 325. Mnaotumia kilo na kilomita, gawanyeni kwa 289 badala ya 234: kilo 1,633, kilomita 169 kwa saa, mtafika pale pale.

Ile 234 si yangu. Roger Huntington, mwandishi wa magari wa hapa Marekani, ndiye aliyeieneza kanuni hii, na yeye alitumia 225, namba ya enzi za matairi membamba. Hata nikimpa shemeji hiyo 225 anapata 366. Ili afike 400 kwa uzito ule alipaswa kuvuka mstari kwa maili zaidi ya 112. Maili saba zimepungua, na huwezi kuzisingizia mwanzo mbaya. Ukiondoka vibaya unapoteza sekunde nyingi, lakini mwendo wa mwisho haupungui sana, kwa sababu injini bado ina njia nzima ya kusukuma. Sekunde zinaeleza dereva na matairi. Mwendo unaeleza injini. Hili nilitaka kulisema Jumapili, na hakuna aliyeniachia nafasi.

Jana usiku binti yangu alinikuta mezani na karatasi ile. Yuko kwenye fizikia mwaka huu. Akauliza, "Baba, kwa nini mara tatu? Nishati ya mwendo si ni mara mbili tu?" Nikamwambia ajibu mwenyewe. Akanyamaza, akachora mstari mmoja, akaandika, akafuta, kisha akasema haraka haraka kama anaogopa litamponyoka: "Ukitaka kufika mwisho kwa mwendo mara mbili, nishati inakuwa mara nne. Lakini njia ni ile ile, kwa hiyo na muda wako umekuwa nusu. Nne kwa nusu ya muda, nguvu mara nane. Mbili mara mbili mara mbili. Baba, ndiyo hiyo!"

Nilimkumbatia. Sikuwahi kuisikia ikielezwa kwa maneno machache vile. Mwaka 1973 mwanafizikia Geoffrey Fox aliandika makala nzima juu ya fizikia ya mbio hizi katika jarida la wanafizikia wa Marekani, na mtoto wangu ameshika mzizi wake akiwa na soksi mguu mmoja.

Hakuishia hapo. Akapiga hesabu ya injini isiyopoteza chochote, ikapatikana 281 badala ya 234. Maana yake ni kwamba zaidi ya asilimia 40 ya nguvu haigeuki kuwa mwendo. Akataka kujua inakwenda wapi. Tukaandika wote: matairi pale mwanzo hayawezi kuipokea yote, kila gia ikibadilishwa kuna kukatika, upepo unarudisha nyuma, magurudumu yenyewe nayo lazima yazungushwe. Tulikaa mpaka mama yake akaja kuzima taa ya jikoni.

Akiwa mlangoni akasema, "Kwa hiyo yule fundi wa mjomba alimuuzia ishirini tu?"

Hilo sikuwa nimeliwaza. Gari lile lilitoka kiwandani na farasi 305. Shemeji alimlipa mtu mwenye laptopu abadilishe programu ya injini, akaahidiwa karibu mia moja zaidi, akatoa pesa ya overtime za ghala la usiku, zile zamu za kuanzia saa nne. Hakuna aliyempimia kabla wala baada. Mimi Jumapili nilimsomea hasara yake mbele ya wageni, naye hakuwa na mahali pa kuiweka. Hasira imenitoka. Jumamosi nitampigia, tuzungumze wawili, nione kama ana risiti, maana pesa ile inadaika.

Mama amepiga leo kutoka Same. Daktari anataka kumtoa mtoto wa jicho la pili mwezi huu huu, na lile la kwanza bado linatoa machozi. Dada anasema tusubiri, mama anataka limalizwe kabla ya kupanda. Mliouguza wazazi, huwa wanaacha muda gani kati ya jicho na jicho?