Azimio la tatu

Ajenda ya mkutano wa wanahisa ilikuwa na maazimio manne, lakini waliojaza ukumbi siku ile walikuja kwa ajili ya la tatu: kila hisa 50 ziunganishwe ziwe 1. Uongozi ulilieleza kama usafi wa vitabu. Bei ya hisa ilikuwa imeporomoka, soko la hisa limeshatoa onyo la kuiondoa kampuni yetu, na kuunganisha kungeipandisha bei kwa kalamu tu. Yote kweli. Kilichoiporomosha bei ndicho hakikutajwa.

Kilikuwamo kwenye hesabu za mwaka, tanbihi ya 14, kwa herufi ndogo kama za karatasi ya dawa. Kampuni ilikuwa na kifaa kimoja, kila mwaka "kiko mbioni kuingia sokoni", na ilikuwa ikiishi kwa mikopo inayogeuzwa kuwa hisa. Mkopeshaji hakuwa akilipwa taslimu. Aligeuza deni kidogo kidogo, kwa asilimia 20 chini ya bei ya chini kabisa ya siku 20 za biashara zilizopita, akauza hisa, akageuza tena. Bei ikiwa 1.00, deni la 400,000 linageuzwa kwa 0.80 na kuzaa hisa 500,000. Mauzo yake yenyewe yakiishusha bei hadi 0.10, deni lile lile linazaa hisa 5,000,000. Yeye haumii, punguzo linamfuata chini. Anayezimuliwa, yaani fungu lake la kampuni kupungua kila hisa mpya zinapotolewa, ni aliyekaa na hisa zake akisubiri kifaa.

Mkataba ulimkataza kushika zaidi ya asilimia 4.99 ya hisa kwa wakati mmoja, na wengi ukumbini waliiona hiyo kuwa kinga. Kikomo kile hupima kilichomo mkononi, hakipimi kilichopita mkononi. Kilichokosekana ni kiwango cha chini cha bei ya kugeuzia, mstari mmoja tu ambao mkurugenzi wa fedha anayejua kazi yake angeugombania kabla ya kutia saini.

Mwenyekiti alitoa dakika kumi na tano za maswali. Nyingi ziliishia kwenye mishahara ya wakurugenzi, jambo linalouma lakini dogo kuliko tanbihi ya 14. Kisha akasimama mama mmoja, notisi ya mkutano mkononi, mistari miwili ameipigia kalamu nyekundu.

"Ndugu Mwenyekiti, zinazounganishwa ni hisa zilizotolewa peke yake, au na zile zilizoidhinishwa?"

Ukumbi haukushtuka. Meza kuu ilishtuka.

Hisa zilizoidhinishwa, yaani kikomo cha hisa ambazo kampuni inaruhusiwa kutoa, zilikuwa milioni 200, na milioni 190 zilikwisha tolewa. Mkopeshaji alikuwa amebakiwa na nafasi ya milioni 10 tu. Zilizotolewa zikigawanywa kwa 50 zinabaki milioni 3.8, na idhini ya milioni 200 isipoguswa, hapo hapo inafunguka nafasi ya hisa mpya milioni 196.2. Huo ulikuwa usafi wa vitabu waliousema.

"Tutakujibu kwa maandishi, mama," alisema mwenyekiti, akaita kura.

Tulidai kura ya karatasi badala ya mikono, tukapewa. Haikusaidia. Fomu za uwakilishi zilizotumwa kabla ya mkutano zilikuwa na maandishi chini kabisa: asipoandikwa mwakilishi, mwakilishi ni mwenyekiti; visanduku visipowekwa alama, atapiga kura aonavyo yeye. Aliona "ndiyo". Azimio likapita.

Mzee niliyeketi naye alikuwa amepiga makofi swali la yule mama lilipoulizwa. Wakati wa kutoka aliniuliza fomu yake imehesabiwa upande upi, maana aliituma wiki mbili nyuma, akaja mwenyewe kusikiliza, na karatasi ya kura hakuichukua mlangoni kwa kuamini ameshapiga. Nilimuuliza kama aliweka alama kwenye visanduku.

"Nilitia saini tu," alisema.