Pai Iliyopanda Bodaboda

Jumamosi nilikuwa nachemsha nanasi, mdalasini ukinukia mpaka uani, mwanangu akaniuliza: "Mama, kwa nini mnaiita pai ya bodaboda?"

Idi ya 2020, Jumapili, tarehe 24 Mei, Kampala, wakati wa korona. Misikiti imefungwa, magari binafsi hayatembei, bodaboda haziruhusiwi kubeba watu, mizigo tu. Mimi niko Ntinda na huyohuyo muulizaji mgongoni, miezi miwili. Mama yuko Kibuli, peke yake. Sijawahi kula Idi kwingine ila kwake. Nikasema, kama mimi siendi, basi chakula kitaenda.

Oveni sina. Nilikuwa na sigiri, sufuria kubwa, na mchanga wa jirani ambaye ujenzi wake ulikuwa umekwama. Matunda hayakunisumbua: nusu nanasi, maembe mawili, ndizi ndogo tatu, maji ya pasheni. Nikayapika na sukari mpaka yakashikana, maana nanasi likiingia bichi hutoa maji yote na unga wa chini unabaki uji. Unga ndio ulionishinda. Siagi inatakiwa ifikichwe ikiwa baridi, maji kidogo, mkono mwepesi, basi. Lakini mikono yangu imefundishwa chapati. Nikakanda, nikakanda tena, mpaka donge likavutika kama mpira. Nikaiteleka pai ndani ya mchanga wa moto, nikapalia makaa juu ya kifuniko, nikaomba Mungu.

Kijana wa bodaboda alifika saa nane. Sahani nilikuwa nimeifunga kwa leso ya maua mekundu, fundo juu. Akaizunguka mara mbili.

"Nyabo, huyu abiria hamwagiki?"

Akaanza kuikaza kwa mipira ya tyubu, akaona itaikata, akafungua. Akavua koti lake, akalikunja duara kama kata ya kubebea mtungi, akalipachika kwenye kiti cha nyuma, palepale ambapo ningekaa mimi. Akaiweka pai juu yake, taratibu, kama anamlaza mtoto. Upande mmoja rojo lilikuwa limeshavuja, zito, la kahawia, linateremka kwenye ua moja la leso. Akalifuta kwa kidole. Akanitazama. Akashusha barakoa, akalamba.

"Aaa, Mama yako atafurahi."

Nikasimama getini naliangalia lile fundo la leso likienda wima, bila kuyumba, mpaka likakata kona. Niliionea wivu pai. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuionea wivu pai.

Jioni Mama akapiga simu. "Idi Mubarak, mwanangu. Matunda mazuri sana. Sahani nitakuoshea." Kuhusu unga, kimya. Na huyu ni mtu anayeweza kuisema chapati moja nusu saa. Siku mbili baadaye magari binafsi yakaruhusiwa. Gari lenyewe sikuwa nalo.

Unga wangu siku hizi ni mwepesi kidogo, au labda wamenizoea.

"Sasa Jaja aliila au hakuila?" mtoto akang'ang'ania kuhusu bibi yake.

Mama alikuwa barazani, anakwangua pasheni kwa kijiko. Hata kichwa hakuinua.

"Kamuulize yule wa bodaboda," akasema. "Yeye ndiye aliyekuwa na meno."